Msituondolee mifugo tena, tusaidieni kulinda makinga maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika juma lililopita kuhusu makorongo yanayofufuka katika vilima vya Irangi, huku kwetu Kondoa. Alisema dawa ni moja tu: mifugo yote iondolewe vilimani kama ilivyofanyika mwaka 1979, na ardhi itapona yenyewe. Aliandika kwa uchungu, na uchungu huo ninao hata mimi. Lakini mwaka 1979 mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kuchunga ndama wa baba. Naomba nieleze yaliyotokea, kisha nieleze kinachotokea sasa, maana naona ugonjwa wa leo ni mwingine na dawa ile ya zamani haitaufikia.

Kwanza nianze na hali ilivyokuwa. Nyuma ya nyumba ya bibi mzaa baba kulikuwa na korongo ambalo sisi watoto tulikatazwa kulisogelea. Lilikuwa na kina cha kumeza mnazi, kama mnazi ungeota huku. Kingo zake zilikuwa nyekundu, zimesimama wima kama ukuta, na kila mvua kubwa ikinyesha usiku tulisikia kishindo: bonge la ardhi limeng'oka na kuanguka chini. Asubuhi bibi alitoka na fimbo yake kupima ni hatua ngapi zimebaki hadi ghalani. Mwaka niliozaliwa, aliniambia, zilikuwa hatua arobaini. Nilipoanza darasa la kwanza zilibaki ishirini na sita. Ghala lile lilihamishwa mara mbili.

Udongo uliotoka huko juu haukupotea hewani. Uliteremka bondeni ukawa mchanga mtupu. Mto wetu ulikuwa mto wa mchanga, mpana, mweupe, wenye maji siku chache tu za mwaka, na kila masika ulijitanua ukala mashamba ya kando. Babu mdogo alikuwa na shamba zuri la mtama pale bondeni. Mvua za usiku mmoja zilileta mchanga wa kufika magotini ukalilaza lote. Hakulilima tena hadi anakufa.

Kwa hiyo asije mtu akadhani nasema makorongo hayakuwa shida. Serikali ilikuwa na haki ya kushtuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao sote huku tunauita HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Walichimba makinga maji vilimani, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji ya mvua yasiteremke ovyo, wakapanda miti, wakaziba makorongo kwa mawe na matawi. Kazi ilikuwa nzuri, ila mifugo ilipita juu ya makinga maji hayo kila siku ikiyabomoa, na miche ikaliwa. Ndipo agizo likatoka: eneo lote lililoharibika, kilomita za mraba 1,256, lisiwe na ng'ombe, mbuzi wala kondoo anayechungwa.

Baba alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Asubuhi ya kuondoka mama alikamua kabla jua halijachomoza, akatugawia watoto wote sita, kila mmoja kibuyu chake, na hakubakiza ya kugandisha. Nakumbuka hilo kuliko kelele za watu na vumbi, kwa sababu nyumbani kwetu hapakuwahi kukosekana maziwa mgando. Baba na mjomba waliwaswaga kuelekea mashariki, nyikani, kwa watu waliokubali kuwachungia. Walitembea siku tatu. Baba aliporudi alikuwa na kamba ya ndama mkononi, akaitundika ukutani. Kukaa na mali yako kwa mtu mwingine, mbali, ni kuipoteza taratibu. Huyu amekufa kwa ugonjwa, yule ameliwa na fisi, huyu ameuzwa kulipia dawa ya wenzake. Baada ya miaka mitano hatukuwa na hata ng'ombe mmoja.

Wadogo zangu wawili wa mwisho hawakukua wakinywa maziwa. Na shamba nalo lilikosa chakula chake. Tulizoea kutoa samadi zizini kila kiangazi na kuimwaga shambani kwa vikapu. Zizi lilipokuwa tupu, mwaka wa kwanza na wa pili hatukuona tofauti, mwaka wa tatu uwele ukaanza kudumaa na masuke yakawa kama kidole. Msomaji aliyeandika hakuligusa hili. Ukiondoa mnyama unazuia kwato zake, lakini unaondoa pia kinyesi chake, na udongo usio na samadi hauna cha kuushikamanisha. Ukiufinya mkononi unamwagika kama unga.

Lakini nitakuwa mwongo nisiposema na upande wa pili. Vilima vilipona. Miaka miwili haikupita, majani yalikuwa yananifika kiunoni mahali ambapo nilikuwa nachunga ndama juu ya mawe matupu. Miyombo ilichipua kutoka kwenye mizizi ambayo sote tulidhani imekufa. Watu wakaanza kutundika mizinga, asali ikarudi. Majani ya kuezekea tuliyokuwa tukiyafuata mbali yakapatikana nyuma ya nyumba. Korongo la bibi lilianza kuota nyasi kwenye sakafu yake, kisha vichaka, na kingo zikalala. Hata mto wa mchanga ulijibana: maji yaliyokuwa yakishuka kwa saa moja kama ghadhabu yakaanza kunywea huko juu na kutoka polepole. Pale ulipokuwa mchanga, mjomba alipanda miwa na viazi vitamu, na vilistawi vizuri sana kwa sababu chini ya mchanga ule mlikuwa na unyevu hadi Agosti. Huo ndio ukweli na nimeuona kwa macho yangu.

Hata hivyo, ng'ombe wetu hawakuwa chanzo cha yote. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya msingi, mtu wa kusoma sana, na ni yeye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba wakati wa Mwingereza misitu mikubwa ya wilaya hii ilifyekwa makusudi ili kuua mbung'o waliokuwa wakileta malale. Walipofyeka, mbung'o wakapungua, na mvua ikapata ardhi tupu. Alinieleza pia kuwa watafiti waliopima umri wa tabaka za udongo katika vilima hivi walikuta kwamba ardhi ilianza kumomonyoka mamia ya miaka kabla ya ng'ombe wa babu zetu kuhesabiwa na serikali yoyote. Udongo wa huku ni mwepesi, miinuko ni mikali, na mvua zetu ni za msimu mmoja: tunakaa miezi saba bila tone, halafu Desemba inakuja mvua ya mawe na radi juu ya shamba lililo wazi kabisa. Hata kama ungeishi huku bila mbuzi mmoja, bado ungelazimika kuyaongoza maji hayo.

Na hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu kuyaongoza maji ndiyo kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1989 watu waliruhusiwa kufuga tena, kwa sharti kwamba mnyama akae bandani na majani aletewe. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Miaka michache baadaye tulipata mtamba mmoja wa maziwa, kwa mpango wa kumpa jirani ndama wa kwanza wa kike. Ng'ombe wa bandani anataka majani kila siku, na majani hayo ni kichwa cha mama kinachoyabeba. Nilikuwa nikienda mbali kuyatafuta hadi bwana shamba mmoja, Mungu ampe afya popote alipo, alipokuja akasimama kwenye shamba letu la ekari tatu na kusema: "Mama, majani yako yapande hapa hapa, juu ya makinga maji."

Alitufundisha kutengeneza kipimo. Unachukua fito mbili zinazolingana, ndefu kuliko mtu, unazifunga juu zikutane na kuzipanua miguu, kisha ufito wa tatu unaufunga katikati kwa mlalo kama herufi A. Juu kabisa unaning'iniza uzi wenye jiwe. Unasimamisha kipimo, unatia alama uzi unapogusa ufito wa mlalo, unageuza miguu ibadilishane mahali, unatia alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Halafu unatembea na kipimo chako shambani kama mtu anayepiga hatua: mguu mmoja unakaa, mwingine unautafutia mahali hadi uzi utulie kwenye alama, unapigilia kigingi, unageuza. Mstari wa vigingi unaokuja kuuona hauendi moja kwa moja hata kidogo. Unapinda ukifuata tumbo la kilima. Kwenye mstari huo unachimba mtaro, na udongo unautupa upande wa juu. Ndiyo maana njia hii inaitwa fanya juu. Ukiutupa upande wa chini ni fanya chini. Juu ya tuta la udongo unapanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, na mizizi yake ndiyo inayolishika tuta.

Tulichimba makinga maji manne, mimi na mume wangu na vijana wawili wa ukoo, kiangazi kizima. Mikono ilitoka malengelenge. Mvua ya kwanza ilipokuja nilitoka na mwavuli kwenda kutazama, na nikaona maji mekundu yamesimama ndani ya mtaro, yametulia, yanazama taratibu. Nililia. Sikuwahi kuona maji ya mvua yakitulia kwenye shamba la ukoo wetu.

Tangu hapo majani ya ng'ombe yalitoka shambani, samadi ikarudi shambani, na mabua tuliyaacha yalale chini badala ya kuyachoma. Kabla ya hapo ekari moja ilikuwa inatupa gunia tatu au nne za mahindi. Baada ya miaka mitano tulikuwa tukipata nane, na mwaka mzuri tisa. Kila mwaka kile kipande kilichopo kati ya kinga maji moja na nyingine kilijisawazisha chenyewe, maana udongo unaotaka kushuka unakwama kwenye tuta. Leo shamba langu lina umbo la ngazi, na hakuna mtu aliyejenga ngazi zile ila mvua.

Sasa nije kwenye la leo. Msomaji anasema mifugo imerudi vilimani. Ni kweli, ipo, na baada ya mavuno inaingizwa mashambani kula mabua hadi ardhi inabaki kama sakafu. Hilo lazima tulizungumze kijijini. Lakini nimekuwa nikitembea kwenye mashamba ya majirani tangu mvua zilizopita nikiangalia makorongo mapya yanaanzia wapi, na katika makorongo manane niliyoyafuata hadi kichwani, matano yalianzia kwenye shamba lililolimwa kwa trekta kutoka juu kwenda chini, makinga maji yakiwa yamesawazishwa. Mawili yalianzia kwenye mtaro wa barabara. Moja tu ndilo lililoanzia kwenye njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji.

Kwa nini mtu abomoe kinga maji ambayo mzazi wake aliichimba kwa mikono? Nimewauliza, na hawakunificha. Wengi wa wanaolima sasa hawalimi mashamba yao. Mzee amekufa, watoto wako Dodoma au Babati au Dar es Salaam, shamba linakodishwa kwa msimu mmoja kwa kijana anayetaka kulima alizeti. Kijana huyo analipa kodi ya ekari kumi, analipa trekta kwa ekari, na dereva wa trekta hataki kugeuka geuka kwenye matuta yaliyopinda. Tuta lenye mabingobingo linachukua nafasi, hiyo ni mistari miwili ya alizeti aliyoilipia. Analilaza. Mwakani hatakuwepo pale, atakuwa amekodi kwingine. Simlaumu sana kijana. Mtu aliyepewa msimu mmoja anawaza msimu mmoja. Mwenye shamba aliyeko mjini naye haoni kitu, kwake pesa ya kodi imeingia kwenye simu na ardhi ipo.

Lakini ardhi haipo, Mhariri. Inaondoka. Mume wangu alipenda kutufanyia hesabu hii na mimi huwafanyia wajukuu. Ekari moja ikipoteza udongo wa unene wa milimita moja tu, ambao ni mwembamba kuliko punje ya uwele, imepoteza tani tano na kidogo. Hayo ni magunia hamsini ya kilo mia mia. Kijana atavuna alizeti magunia kadhaa, afurahi, wakati mvua moja ya Januari imevuna magunia hamsini ya ule udongo wa juu, mweusi, ambao ndio pekee wenye rutuba. Na hadhuriki yeye. Anadhurika yule wa chini yake.

Wa chini yake mmoja ni jirani yangu, mjane kama mimi. Juu ya shamba lake ilichongwa barabara ya kuingilia kijijini. Tuliishangilia, maana wagonjwa walikuwa wakibebwa kwa machela. Lakini waliochonga walikusanya maji ya mlima mzima kwenye mtaro mmoja, wakaweka kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, na mdomo wa kalavati ukaelekezwa shambani kwake. Hakuna aliyemuuliza. Masika ya kwanza lilichimbika shimo la kuingia ndoo. Masika ya pili niliingia mimi mwenyewe nikasimama, kichwa changu hakikuonekana. Sasa ni hatua sitini na tatu kwa urefu, nimezihesabu, na linapanda juu kurudi kwenye barabara yenyewe. Barabara nayo itakatika. Gari la mawe, kwenye mdomo wa kalavati, yakapangwa ngazi ngazi maji yashuke bila kuchimba, lingetosha wakati ule. Leo hata magari ishirini sidhani.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Vilima hivi ni makovu matupu. Ukipita ukaona kijani unadhani pamepona, lakini chini ya vichaka njia za maji za zamani zipo zote, na maji yanazikumbuka.

Ndipo namrudia msomaji mwenzangu. Ukiondoa mifugo leo, trekta litaendelea kuteremka na kilima. Kalavati litaendelea kumwaga. Na sisi tunaofuga bandani, ambao majani ya ng'ombe wetu ndiyo yanayoshika matuta, tutakosa sababu ya kuyatunza. Mimi nikiambiwa ng'ombe wangu wawili waondoke, mabingobingo yangu ni ya nini? Ng'ombe huyu wa bandani ndiye mlinzi wa kinga maji.

Tena amri ya nguvu ina kumbukumbu mbaya katika nchi hizi. Mume wangu aliwasimulia wanafunzi habari za milima ya Uluguru, kule Morogoro, ambako serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba ngazi milimani. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliinuka, damu ikamwagika, mpango ukafa, na kwa miaka mingi baadaye hata mtaalamu mwema akitaja neno ngazi watu walimtazama kwa jicho la shaka. Kule Machakos, Kenya, mwaka 1938, Wakamba waliponyang'anywa ng'ombe kwa kisingizio hiki hiki cha udongo, waliongozwa na Muindi Mbingu wakaenda Nairobi kwa maelfu kudai mifugo yao, na serikali ikalegeza. Lakini Wakamba hao hao baadaye, kwa vikundi vyao wenyewe, walichimba fanya juu hadi vilima vilivyokuwa vimeitwa jangwa vikawa ngazi za kahawa, maembe na machungwa. Kilichobadilika ni nani aliyeamua, na nani anayevuna.

Binti yangu anafundisha Mbinga. Nilipokwenda kumtembelea nilipelekwa kuona ngoro, mashamba ya mashimo ya Wamatengo. Miteremko yao ni mikali kuliko yetu, mtu akijikwaa anabiringika, na wanailima kwa zaidi ya miaka mia bila korongo. Wanaume hukata majani wakayalaza chini kwa mistari ya miraba kama kitambaa cha drafti, wanawake huchimba udongo katikati ya mraba na kufunika majani yale. Kinachobaki ni kilima kizima cha mashimo, kila shimo linakunywa mvua yake, na kwenye kingo wanapanda maharage, kisha mahindi msimu unaofuata. Majani yanaoza ndani na kuwa mbolea. Nilimuuliza mama mmoja ni mradi gani uliowafundisha. Hakulielewa swali langu. Alisema amefundishwa na mama yake.

Sasa ninachoomba, na naomba viongozi wetu wa vijiji na wa halmashauri wasome, si kikubwa. Kijiji kina uwezo wa kisheria wa kutunga sheria ndogo. Itungwe moja: shamba likikodishwa, makubaliano yaandikwe mbele ya ofisi ya kijiji, na ndani yake iandikwe kwamba makinga maji ni ya shamba na aliyekodi atayarudisha kama alivyoyakuta. Akiyalaza, mwenye trekta na mwenye shamba walipe gharama za kuyachimba upya, wote wawili. Mwenye shamba aliyeko mjini akibanwa mfukoni ataanza kuuliza maswali kabla ya kupokea kodi. Na kodi za msimu mmoja zifikie angalau misimu mitatu, maana kijana akijua atakuwepo mwakani, ataona faida ya tuta kwa macho yake.

Kuhusu mabua, tukubaliane mifugo iingie mashamba gani baada ya mavuno na isiingie yapi. Wenye ng'ombe wengi wa kuchunga ni ndugu zetu na shemeji zetu, tunakaa nao misibani na harusini, tunaweza kuongea. Na yeyote anayechonga barabara, kabla hajaelekeza maji ya mtaro, amwite mwenye shamba aliye chini, wasimame pamoja pale mdomoni, aone maji yanakwenda wapi.

Bwana shamba wa kata yetu ni kijana mwenye bidii. Nimemwona akisukuma pikipiki yake isiyo na mafuta. Vijiji ni vingi na yeye ni mmoja. Alinikiri kwamba chuoni walimfundisha kipimo cha fito kwa mchoro ubaoni, hakuwahi kukishika. Nilimpa changu akajaribu, uzi ukatulia kwenye alama, akacheka kama mtoto. Kwa nini sisi wazee tuliochimba miaka ile tusitumiwe kuwafundisha? Tupo bado, lakini hatutakuwepo milele. Wale vijana wawili wa ukoo waliotusaidia kuchimba, mmoja ameshazikwa.

Mwezi uliopita nilimfuata kijana aliyelaza makinga maji kwenye shamba lililo juu yangu. Sikwenda kugombana. Nilimchukua nikampeleka kwenye mpaka wetu nikamwonyesha udongo wa shamba lake uliojazana nyuma ya tuta langu la kwanza, unene wa kiganja kizima, mweusi, wenye mabaki ya mbegu zake za alizeti ndani. Alichuchumaa akauchukua mkononi. Akaniuliza, "Bibi, huu wote ni wangu?" Nikamwambia ndiyo, na uliopita juu ya tuta sikuweza kuushika. Alimpigia simu mwenye shamba pale pale, wakakubaliana misimu mitatu. Ameniomba mabingobingo ya kupanda, nimemkatia vipande vya kutosha mistari miwili.

Mvua hazina muda mrefu kuanza. Jumamosi hii asubuhi tunapiga mstari wa kwanza kwenye shamba hilo, na bwana shamba amesema atakuja. Msomaji mwenzangu uliyeandika, ukiwa bado uko Kondoa, karibu. Uliza pale kijijini palipo na korongo la kalavati, watakuonyesha nyumbani kwangu. Njoo na jembe, fito ninazo.

Mkulima wa ekari tatu,
Vilima vya Irangi, Kondoa
(Jina langu nimemwachia Mhariri)